Bima ya Saa ya Mheshimiwa

Nchi yetu ni nchi nzuri, na hili nalisema mapema lisije likasahaulika huko mbele. Mvua inanyesha, viongozi wana afya njema, na barabara kuu ya mjini hufungwa kila mara Mheshimiwa anapopita. Kwa hiyo Mheshimiwa hajawahi kuona foleni, na huamini kwa moyo safi kwamba foleni ni uzushi wa magazeti.

Siku moja barabara ilifungwa kama kawaida. Gari la mbele kabisa kwenye kizuizi lilikuwa la binti yake Mheshimiwa, mjamzito, naye uchungu ulikuwa umemshika barabara. Dereva akashuka kumweleza askari.

"Hapiti mtu," askari akasema. "Hiyo ni amri."

"Huyu ni binti yake!"

"Na amri ni yake. Sasa unataka nimtii baba au nimtii mtoto?"

Mimi simlaumu yule askari. Kwetu mtu halaumiwi kwa kutii.

Kando ya gari hilo alikuwa amesimama kwa miguu Bi. Mwatumu binti Sheweji, mkunga wa zahanati ya Kwa Mbonde, akirudi nyumbani na kikapu cha bamia. Mkunga akisikia mlio kama ule uliotoka garini haulizi ni wa binti wa nani. Aliweka bamia chini, akafungua mlango wa nyuma, akakunja mikono ya gauni. Msafara ulipokuwa ukipita, kitoto cha kiume kilikuwa kinatoa kichwa. Mheshimiwa alilipungia mkono gari lile, kama anavyoyapungia magari yote, bila kujua kwamba anampungia mjukuu wake anayekuja duniani.

Bamia ziliibwa, lakini hilo halikuingia kwenye taarifa ya habari.

*

Wiki iliyofuata Bi. Mwatumu aliitwa uwanja wa taifa. Mheshimiwa alimsimamisha mbele ya umati akamwambia, "Mama, omba lolote. Leo usione haya."

Bi. Mwatumu alikuwa amejiandaa njia nzima. "Mheshimiwa, tunaomba maji kwenye wodi ya wazazi. Na glavu."

Mheshimiwa akacheka mpaka mabega yakatikisika. Kwa kuwa yeye alicheka, uwanja mzima ulicheka, hata wale wa nyuma ambao hawakusikia kitu.

"Mnaona wananchi wangu walivyo wanyenyekevu!" akasema. "Nimempa ruhusa ya kuomba dunia, yeye anaomba maji! Hapana. Mama huyu nitampa kilicho karibu na mwili wangu."

Akavua saa yake, akamvisha. Ilikuwa saa ya Uswisi, ya dhahabu tupu, na mahali pa kila namba palikaa almasi. Mtangazaji wa televisheni alizidiwa na furaha, akasema thamani ya saa ile ingejenga zahanati kama ya Kwa Mbonde na chenji ikabaki. Alikusudia kusifu. Tangu siku hiyo yuko likizo ya masomo, na familia yake inaendelea kuuliza anasomea wapi.

Siwezi kudanganya: Bi. Mwatumu aliipenda ile saa. Alirudi nyumbani kwa njia ndefu ya sokoni, na kila hatua chache mtandio ulimlegea, akalazimika kuinua mkono kuuweka sawa. Kufika nyumbani, mumewe Pazi, ambaye ni fundi cherehani, aliinama akaitazama saa kwa makini kama anayetafuta mshono.

"Nzuri," akasema. "Sasa tutalala vipi?"

"Kwa nini tusilale?"

"Mke wangu, umeonyeshwa kwenye televisheni. Unadhani wezi hawana televisheni? Wanazo nyingi kuliko sisi. Wanazo na za kwetu."

*

Asubuhi yake alikuja mgeni aliyevaa suti ya rangi ya maziwa. Alijitambulisha kuwa Bwana Kassian Mapambio, Afisa Mwandamizi wa Ofisi ya Upendo wa Dola. Hiyo ndiyo ofisi inayosimamia vitu vyote ambavyo Mheshimiwa amevitoa kwa mapenzi yake.

"Nakupongeza, mama," alisema, akikaa kwenye kiti cha pekee. "Zawadi ni yako kabisa. Huruhusiwi kuiuza, kuigawa, kuiweka rehani wala kuificha. Utaivaa kila siku mahali pa kuonekana. Ikipotea, utakuwa na kosa la kupoteza upendo wa dola."

"Adhabu yake?"

"Kifungo."

"Cha muda gani, baba?"

"Mpaka upendo upatikane." Mapambio akatabasamu kwa huruma. "Ndiyo maana sheria inakutaka uikatie bima kabla ya mwisho wa mwezi. Kwa gharama yako, maana dola imeshatoa fungu lake, ambalo ni saa."

Bi. Mwatumu akamtazama Pazi. Pazi akaitazama dari.

Mapambio hakumtazama mtu. Macho yake yalikuwa kwenye saa, na nasikia hayakuondoka pale mpaka alipomaliza chai.

Kuanzia hapo kazi ikawa ngumu. Saa ilikuwa kubwa, inateleza mpaka kwenye kiwiko, na mkunga hazalishi mtu na dhahabu inaning'inia. Kuivua ni jela. Basi akawa anaifunga kwa kitambaa juu ya kiwiko, ikakaa kama hirizi. Wanawake waliokuwa na uchungu walisahau kusukuma, wakawa wanahesabu almasi.

"Nesi, naomba niiguse tu," mmoja alisema akiwa katikati ya shughuli.

"Sukuma kwanza, mwanangu. Ukimaliza utaigusa."

Wanasema alijifungua upesi sana.

*

Bi. Mwatumu aliomba ruhusa kazini akaenda kutafuta bima ya bei ambayo mshahara wake ungeiweza. Alianzia Shirika la Bima la Umma, kama inavyompasa raia mwema. Ofisa alimkaribisha vizuri.

"Unaikinga saa dhidi ya nini, mama?"

"Wizi, kaka yangu."

Ofisa akaweka kalamu chini, akachungulia mlangoni. "Wizi gani?"

"Huu wa kawaida. Wa wezi."

"Mama, wizi ulikomeshwa. Waziri alitangaza mwenyewe, tukapewa na fulana. Ukikata bima ya wizi unasema waziri ni mwongo, na mimi nikikuuzia nimekuwa shahidi wako."

"Mbona dirisha lako lina nondo?"

"Hizo ni urembo." Akapunguza sauti. "Ninachoweza kukupa ni bima ya radi, ya kimondo, na ya uvamizi wa nchi jirani."

Ada ya bima hiyo ingemeza mshahara wote na kuuacha mwezi unatazamana na njaa. Na hapo ni bila kimondo, ambacho hulipiwa mbali.

Akaenda kampuni binafsi, jengo la vioo, baridi ndani kama mochwari. Kijana mwenye tai alimwitikia kwa upole.

"Sisi wizi tunautambua, mama yangu. Tunautambua mno. Ila tuna masharti kidogo. Kabati la chuma, walinzi wa zamu, na mbwa mwenye cheti. Halafu saa isivaliwe kamwe."

"Sheria inasema niivae kila siku."

Kijana akafikiri sana, maana alikuwa amesoma nje. "Na ukiivaa ukiwa ndani ya kabati?"

Bi. Mwatumu akamshukuru, akatoka kuota jua.

Pale nje, kando ya kijiwe cha bodaboda, dalali mmoja mwenye meza ya kukunja alimwita. "Mama, nimesikia shida yako. Hiyo saa inatembea?"

"Inatembea vizuri tu."

"Kama inatembea, ni chombo cha usafiri. Nakukatia bima ndogo ya pikipiki, bei ya chapati."

Moyo wa Bi. Mwatumu ukachangamka. "Na ikiibwa wananilipa?"

"Ikiibwa, hapana. Hiyo ndogo inamlipa mtu atakayegongwa na saa."

*

Kwa uchovu alikaa nyumbani kwa Mama Nyamizi, muuza mkaa, ambaye ndiye mwenyekiti wa chama cha kufa na kuzikana cha mtaa wao, Tusitupane. Chama hicho kina masufuria, turubai, mikeka, na wanawake ambao hawajawahi kushindwa kupika wali wa mtu yeyote. Kila mwezi mwanachama hutoa kidogo. Akifiwa, chama kinambeba.

Mama Nyamizi alimsikiliza mpaka mwisho, akajifuta masizi ya mkono kwenye kanga.

"Shoga, saa ikiharibika watu husemaje?"

"Husema imekufa."

"Basi. Kinachokufa kinazikwa, na kinachozikwa ni chetu."

Mkutano wa chama ulikuwa mkali. Wengine walisema saa si binadamu. Mama Nyamizi akawauliza ni binadamu gani wa mtaa ule aliyewahi kuvaliwa na Mheshimiwa. Likabaki swali la kuiandika kama nani. Haikuwa mume, haikuwa mkwe. Bibi mmoja akauliza imetoka wapi. Wakamwambia imetoka kwa mwanamume mwingine, ikaja nyumbani kwa Bi. Mwatumu ikiwa kubwa tayari.

"Mtoto wa kufikia," bibi akasema, na mjadala ukaisha.

Ada ya mtoto wa kufikia ni ndogo kuliko bei ya kilo ya sukari. Mapambio alipoletewa taarifa alikunja uso, lakini sheria ilitaka chombo cha wananchi kinachotambulika, na Tusitupane ilitambulika tangu kampeni, Mheshimiwa alipowapa sufuria lenye picha yake. Akapitisha. Bi. Mwatumu akalala usingizi wa kwanza tangu apewe zawadi.

*

Haukupita mwezi, Mapambio akarudi. Alisema kuna Maonyesho ya Upendo yanakuja, na zawadi zote zinapaswa kuhakikiwa, kusafishwa na kurudishwa. Aliifunga saa kwenye leso nyeupe, akaondoka nayo.

Sisemi kwamba aliiiba. Mimi ni nani? Nasema tu kwamba aliondoka nayo na hakurudi nayo.

Bi. Mwatumu alikwenda ofisini kwake akaambiwa bwana yuko semina. Akaenda tena, bwana yuko semina ya kutathmini semina. Mwishowe akamvizia kwenye ngazi.

"Baba, nimefuata ile saa."

Mapambio akasimama. "Saa gani?"

"Uliyoichukua kwangu. Ukaifunga kwenye leso."

"Mama," akasema kwa sauti ya kuwafikia watu wa ghorofa ya chini, "unataka kuniambia umepoteza saa ya Mheshimiwa?"

Bi. Mwatumu alitazama chini, akaona watu wamesimama kumsikiliza.

"Nakupa mpaka kesho, Jumamosi," Mapambio akaendelea, sasa taratibu. "Jumamosi uje nayo. Usipokuja nayo, watakuja polisi kukuchukua."

Alilia njia nzima. Alifikiria wale wanawake waliokuwa wanangoja kujifungua mwezi ule, na nani angewapokea watoto wao. Pazi alipomwona mlangoni aliacha cherehani ikizunguka peke yake. Alimchukua moja kwa moja mpaka kwa Mama Nyamizi.

"Nimefiwa," Bi. Mwatumu akasema.

Mama Nyamizi hakuuliza maswali ya polisi. Aliinuka akapiga kelele kuelekea uani, "Toeni masufuria!"

*

Katiba ya Tusitupane ina jambo moja ambalo katiba nyingine zote zingeiga: msiba ukitangazwa, haungoji kibali. Kufikia saa sita mchana turubai lilikuwa limesimama, wanaume wamekaa kwenye mabenchi, wanawake kwenye mikeka, moshi wa wali unapanda. Mpiga mbiu wa mnadani alizungushwa mitaani na kipaza sauti.

"Tunasikitika kuwatangazia," alisema, "saa ya Mheshimiwa imetutoka!"

Bahati mbaya betri za kipaza sauti zilikuwa chovu. Sauti ilikatikakatika, na waliokuwa mbali waliokota maneno yaliyobaki. Sokoni ilifika hivi: saa ya Mheshimiwa imefika.

Mtu mzima akisikia saa ya mwenzake imefika, haulizi ni ya mkononi au ya ukutani. Maduka yakafungwa. Redio ya taifa, kwa kukosa maelekezo, ikapiga muziki wa huzuni. Mawaziri wawili wakaonekana uwanja wa ndege na mabegi, kila mmoja akimwambia mwenzake amekuja kupokea mgeni. Makamu wa Mheshimiwa, mtu mpole, alimwita fundi ampime suti ya kuapia. Fundi mwenyewe alikuwa Pazi, lakini Pazi alijibu kwamba yuko msibani. Jibu hilo likachukuliwa kuwa uthibitisho.

Kilichobaki ni Mheshimiwa kujitokeza kuonyesha kwamba yu hai. Akafunga barabara, akaja mwenyewe Kwa Mbonde, na askari wengi kuliko waombolezaji. Alikuta umati umeinamisha vichwa. Akawatazama wale wanawake wanaolia, na kulia walikuwa wanalia kweli, kwa sababu Jumamosi ilikuwa kesho na mkunga wao alikuwa anakwenda jela.

"Mnamlilia nani?" akauliza.

Bi. Mwatumu akasimama, mtandio umelowa.

"Saa yako, Mheshimiwa. Haipo tena."

Wote walingoja apandishe hasira. Mapambio alikuwa nyuma yake, na alikwisha kuwaashiria polisi. Lakini Mheshimiwa alibaki ameduwaa. Maisha yake yote alikuwa ameshangiliwa kwa ratiba, na watu walioletwa kwa malori. Hawa hawakuletwa na mtu. Akavua viatu, akakaa kwenye mkeka.

"Kama saa yangu tu wanailia hivi," alisema, "mimi mwenyewe itakuwaje?"

Hakuna aliyejibu, kwa sababu lilikuwa swali gumu.

Mama Nyamizi akamletea sahani ya wali. "Kula, baba. Msiba wako huu."

Akala. Alipomaliza alisimama na kutangaza kwamba saa ile ilikufa ikiwa kazini. Itazikwa kwa heshima zote za taifa. Mfiwa hashitakiwi. Na yeyote atakayeonekana na marehemu baada ya mazishi atashitakiwa kwa kufukua maiti ya dola. Kisha akageuka nyuma.

"Mapambio. Utasoma wasifu."

Siku ya mazishi Mapambio alisoma wasifu wa marehemu mchana kweupe, jua la utosi, mkono wa kushoto umezama mfukoni mpaka kwenye kifundo. Alieleza ilivyozaliwa Uswisi katika familia ya watengenezaji, ilivyolitumikia taifa bila kuchelewa hata mara moja, na ilivyoacha mama mmoja wa kufikia. Sauti ilimkatika mara kwa mara. Watu waliguswa sana. Kilichozikwa ni kisanduku kitupu, na mizinga ikapigwa.

Mawaziri walishindana kutoa rambirambi, mbele ya kamera, na kila mmoja alimzidi aliyemtangulia. Zilikuwa ahadi, na mpaka leo ni ahadi nzuri sana. Wali ulioliwa ulilipiwa na Tusitupane.

*

Siku ya kwanza Bi. Mwatumu kurudi kazini, asubuhi, Mapambio alikuwa wa kwanza kwenye foleni ya kliniki ya wajawazito. Suti ya maziwa ilikuwa na makunyanzi. Alimvuta pembeni, akafunua leso kidogo.

"Mama, ichukue. Nakusihi."

"Nichukue nini?"

"Saa yako. Nimeizungusha mji mzima, sonara hata mmoja hataki kuiona. Mke wangu ameniambia nitoke na maiti yangu nyumbani kwake."

"Saa yangu ilikufa, baba. Si wewe uliyesoma wasifu? Ulisoma vizuri mno, watu walilia."

"Lakini si hii hapa! Sikiliza, inatembea!"

Bi. Mwatumu alisikiliza. Ilikuwa inatembea kweli, na kwa nukta moja alikumbuka jinsi ilivyokuwa ikimetameta sokoni. Kisha akaifunika leso ile kwa vidole vyake, taratibu, kama anayefunika mtoto.

"Mimi ni mkunga, Bwana Mapambio. Nawapokea wanaokuja. Wanaorudi siwawezi."

Ndani mwanamke akapiga kelele. Bi. Mwatumu akageuka, akakunja mikono ya gauni akienda, mikono mitupu, myepesi.

Mapambio hakuwa na pa kwenda. Alikaa kwenye benchi katikati ya wajawazito, akasukuma leso mpaka chini kabisa ya mfuko. Mama mmoja aliyekuwa amebanana naye akamgusa bega.

"Samahani, kaka. Sasa hivi ni saa ngapi?"

Mapambio akautoa mkono mfukoni, mtupu. Akaukinga juu ya macho, akalitazama jua kwa muda mrefu.

"Sijui, dada," akasema. "Labda saa tatu."